Motere hukohoa kabla ya kufa

Somo juu ya ndege ndogo za kujijengea, na juu ya kila motere inayotulisha

Katika ukurasa huu tumezoea kuongea juu ya vumbi, miwani ya kinga, maji safi na mbu. Leo tunapanda juu kidogo. Tutajifunza juu ya ndege ndogo, zile ambazo mtu anajijengea mwenyewe katika hangari au nyuma ya nyumba yake, na hasa juu ya motere yake: ni vyombo gani vinavunjika, dalili zake ni zipi, na namna gani ya kuzuia ubaya kabla haujafika.

Usiseme: «Mimi ni mtu wa atelye ya Panda, ndege inanihusu nini?» Inakuhusu. Motere ya pompu, ya kinu cha mahindi, ya pikipiki na ya jenereta ina pistoni, supape na karburateri kama ile ya ndege. Tofauti ni moja tu. Motere ya pikipiki ikizimika, unasukuma pikipiki mpaka nyumbani. Motere ya ndege ikizimika, hakuna wa kuisukuma. Kwa sababu hiyo watu wa ndege wamejifunza kuiangalia motere kama mganga anavyomwangalia mgonjwa. Ujuzi wao unafaa kwetu sote.

1. NDEGE YA KUJIJENGEA NI NINI?

Ni ndege ndogo, mara nyingi ya mtu mmoja au wawili. Mwenye kuijenga ananunua sanduku la vipande, au ananunua michoro tu na kutafuta vipande mwenyewe. Huko Kenya, Gabriel Nderitu, mtaalamu wa kompyuta, alijulikana tangu mwaka 2010 kwa kujijengea ndege na kuitia motere ya gari la Toyota. Lakini nchi yenye ndege nyingi zaidi za namna hii ni Marekani.

Mwaka 2012 ofisi ya serikali ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri ilitoa uchunguzi mkubwa juu yake. Ndege za kujijengea zilikuwa karibu 10 katika kila ndege 100 za watu binafsi na za kazi ndogondogo. Lakini mwaka 2011 zilipata ajali 15 katika kila ajali 100 za kundi hilo, na katika ajali za kufisha zilikuwa 21 katika kila 100. Mambo mawili yalitangulia mengine: rubani kushindwa kuiongoza ndege, na motere kupoteza nguvu.

Haina maana kwamba wajenzi hao ni wajinga. Wengi ni mafundi hodari. Lakini anayejenga kwa mikono yake huipenda kazi yake, na mwenye kupenda haoni kasoro upesi.

2. KWA NINI VYOMBO VYA MOTERE VINAVUNJIKA?

Chuma kinachoka. Chukua waya, uupinde huku na huku. Mara ya kwanza haukatiki, wala ya pili. Baada ya mara nyingi unakatika, hata kama kila mara nguvu ilikuwa ndogo. Vilbreken, ile chuma ya ndani inayogeuzwa na pistoni, inapindwa kidogo kidogo mamilioni ya mara. Ufa unaanza mdogo kuliko unywele, mara nyingi penye kona kali, penye mkwaruzo au penye kutu. Unakua polepole, kisha siku moja chuma inakatika kwa ghafula. Kwa macho ya mtu ni ghafula. Kwa chuma yenyewe ni ugonjwa wa siku nyingi.

Motere ya gari ikiwekwa katika ndege inaonja maisha mapya. Barabarani haitumii nguvu zake zote ila kwa dakika chache, kwa mfano mlimani. Katika ndege inaombwa sehemu tatu kwa nne ya nguvu zake, au zaidi, saa nzima bila kupumzika. Tena inabeba helisi. Helisi inayozunguka haipendi kugeuzwa upande, na kila mara ndege inapoinua au kugeuza pua, helisi inaipinda vilbreken. Wenye kutumia motere za Volkswagen na za Chevrolet Corvair wamejifunza hayo kwa vilbreken zilizokatika. Ndiyo maana wajenzi wengi wa Corvair wameongeza beringi ya tano karibu na helisi.

Tukumbuke pia hewa yetu. Likasi iko karibu mita 1,300 juu ya bahari. Kwa kila mita 300 motere isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu 3 katika 100 za nguvu zake. Hapa kwetu inakosa zaidi ya sehemu 10 katika 100 hata kabla jua halijawaka. Mwenye kuilazimisha motere itoe nguvu isiyo nayo anaipikia ugonjwa.

3. DALILI: UTAIPIMAJE MOTERE?

Kwenye dispansari tunaanza kwa kumwangalia mtu, kumsikiliza na kumgusa, kabla ya kumpeleka kwenye laboratwari. Fanya vile vile kwa motere.

KWA MACHO. Toa buji na uzipange kwa mstari, kila moja na namba ya silinda yake. Rangi ya kahawia nyepesi au ya kijivu ni afya. Masizi meusi makavu yanasema esansi ni nyingi kuliko hewa. Weusi wenye maji ya mafuta unasema oili inapita kwenye segma. Ncha nyeupe yenye malengelenge inasema silinda inaungua, kwa sababu esansi ni kidogo au buji si ya motere ile. Kama buji tatu ni nzuri na moja ni mbaya, usilaumu karburateri peke yake: tafuta ugonjwa wa silinda ile.

KATIKA OILI. Oili ni damu ya motere, na kuipima ni kama kupima damu. Unapobadilisha oili, usitupe filtri nzima nzima. Ikate, ufungue karatasi yake, uioshe na uiangalie juani. Kisha leta sumaku. Vipande vinavyonaswa ni chuma, na vinatoka kwenye segma, kwenye gia au kwenye mti wa kusukuma supape. Vinavyong'aa vyeupe na kukataa sumaku huenda ni aluminiamu ya pistoni. Na mtu wa Likasi hahitaji kufundishwa rangi ya shaba: ukiiona hiyo ndani ya oili, beringi au bushi inaliwa. Vumbi kidogo la chuma katika motere mpya ni la kawaida. Vipande unavyoweza kushika kwa vidole si vya kawaida hata siku moja. Usiiwashe tena kabla ya kujua vinatoka wapi.

KWA SIKIO. Katika ndege kuna kipimo cha kupuliza hewa ndani ya silinda, pistoni ikiwa juu kabisa, kwa nguvu ya paundi 80, karibu bari 5 na nusu. Saa ya pili inaonyesha silinda imeweza kushika kiasi gani. Kwa motere nyingi za ndege, kama imeshuka chini ya 60, lazima uulize. Hapo tega sikio. Hewa ikilia kwenye bomba la moshi, supape ya moshi haifungi. Ikilia kwenye karburateri, ni supape ya kuingiza. Ikilia pale unapomimina oili, ni segma au silinda. Onyo: hewa hiyo inaweza kuirusha helisi na kukata mkono. Mwenzako aishike imara, na nyote msimame nje ya njia yake.

ASUBUHI. Sikiliza sana motere inapowashwa ikiwa baridi. Kama inatetemeka na kukosa silinda moja kwa dakika moja au mbili, kisha inatulia kama iliyopona, haijapona. Mara nyingi supape ya moshi inakwama katika njia yake kwa sababu ya uchafu ulioungua na kukauka. Mfanyakazi anayekohoa kila asubuhi na kunyamaza saa nne tunamwita kwa uchunguzi. Motere nayo iitwe, kabla supape haijakwama angani na kupinda.

Hapa tujue jambo la kutufurahisha. Nyuso za supape nyingi za moshi hupakwa chuma ngumu iitwayo Stellite, ambayo sehemu yake kubwa ni kobalti. Kobalti imetoka kwa miaka mingi katika udongo wetu na kupitia kiwanda chetu cha Shituru. Inavumilia moto mkali ambao chuma ya kawaida haiwezi. Lakini hata kobalti haiwezi kuishinda supape isiyofunga vizuri.

KWA MKONO NA KWA PUA. Motere ikiwa imepoa, na kontakti imefungwa, shika kila tiyo na kila waya. Tiyo ya mpira iliyokuwa ngumu kama mfupa, au laini kama ndizi mbivu, itolewe. Kwa motere za Rotax kutoka Austria, ambazo zimo katika ndege ndogo nyingi, mtengenezaji anaagiza tiyo na vyombo vingine vya mpira vibadilishwe kila miaka 5 hata kama vinaonekana vizuri. Harufu ya esansi ndani ya ndege si jambo la kuzoea. Ni ripoti.

KWA MIZANI. Katika karburateri za Rotax 912 kuna maboya mawili madogo yanayopima kiasi cha esansi. Baadhi yalikuwa yakinywa esansi na kuzama, motere ikafurika, ikatoa moshi mweusi na kutetemeka. Dawa yake ni rahisi: toa maboya, uyapime. Mawili kwa pamoja yasizidi gramu 7. Mizani ndogo ya kupimia dawa inatosha kuokoa ndege.

4. UFA USIOONEKANA

Bomba la moshi, mikono inayoshika motere na pembe za silinda hupasuka kwa mtetemo. Kwenye bomba la moshi tafuta mstari wa vumbi jeupe au la kijivu: hapo moshi unatoroka. Kwa chuma nyingine tumia rangi ya kupenya. Safisha na kausha, paka rangi nyekundu, ngoja, pangusa yote, kisha nyunyiza unga mweupe. Kama kuna ufa, rangi iliyojificha ndani itatoka na kuandika mstari mwekundu juu ya weupe. Wazee walikwisha kusema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lakini katika motere ufa hauzibwi kwa gundi. Chombo kinatolewa.

Na helisi ikigonga ardhi, hata kidogo, hata kama motere inazunguka vizuri baadaye, vilbreken ichunguzwe. Mtu aliyeanguka juu ya kichwa hatumrudishi kazini kwa sababu tu anaweza kutembea.

5. MIFANO MIWILI YA KWELI

Mwaka 1986 ndege Voyager, iliyojengwa na kikundi kidogo na watu wa kujitolea huko Mojave, California, ilizunguka dunia yote bila kutua na bila kuongezwa esansi. Dick Rutan na Jeana Yeager waliruka tarehe 14 Desemba na kutua tarehe 23 Desemba. Siku ya mwisho, karibu na pwani ya Meksiko, pompu moja ya esansi iliharibika na motere ya nyuma ikazimika. Ndege ilishuka kimya kimya mpaka walipofaulu kuiwasha motere ya mbele. Waliokoka kwa mambo mawili: walikuwa na njia ya pili, na walikuwa juu vya kutosha kupata muda. Pompu ndogo ilikaribia kuharibu kazi ya miaka.

Tarehe 12 Oktoba 1997 mwimbaji John Denver alikufa katika ndege ya Long-EZ aliyoinunua kwa mtu mwingine. Motere yake haikuvunjika. Mjenzi alikuwa ameweka mkono wa kubadilisha tanki nyuma ya bega la kushoto la rubani, si mahali michoro ilipoonyesha. Mkono huo ulikuwa mgumu kugeuza, na jambo hilo lilizungumzwa kabla hajaruka. Aliulizwa kama anataka esansi, akasema inatosha. Angani tanki moja likakauka. Ili kuufikia mkono ule ilimpasa ageuke mwili mzima, na wachunguzi waliona kwamba mtu akigeuka hivyo mguu wake unaweza kusukuma pedali. Ndege ikaanguka baharini. Tazama: watu waliijua kasoro, waliizungumza, ndege ikaruka nayo. Ugonjwa mkubwa kuliko yote ni kuzoea kasoro.

6. MOSHI UNAOUA BILA HARUFU

Sasa tunafika kwenye kazi yetu sisi watu wa afya. Ndege ndogo nyingi hupata joto la ndani kwa kupitisha hewa kandokando ya bomba la moshi. Bomba likiwa na ufa, hewa hiyo inabeba gesi ya monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hata mwili ukakosa pumzi wakati kifua kinapumua.

Tarehe 21 Januari 2019 ndege ndogo Piper Malibu, ya kiwandani na si ya kujijengea, ilianguka katika bahari kati ya Ufaransa na Uingereza. Ndani alikuwamo mchezaji mpira Emiliano Sala. Katika damu yake ilikutwa gesi hiyo kwa kiasi cha sehemu 58 katika 100, na wachunguzi wa Uingereza waliandika kwamba rubani naye yaelekea alikuwa ameathirika.

Dalili zake: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi, miguu kulegea, na kupoteza akili kama mlevi. Watu hufikiri ni malaria au uchovu. Ukiona watu wawili au watatu wanaumwa kichwa pamoja karibu na motere inayowaka, usitafute mbu. Zima motere, watoe nje kwenye hewa, wapeleke lopitali wapewe oksijeni.

Na sasa usikie vizuri, wewe unayesoma ukiwa chini na si angani. Motopompu iliyoshushwa ndani ya shimo la kuchimbia, au jenereta iliyofungiwa ndani ya nyumba usiku ili isiibwe, inaua kwa gesi ile ile. Usishushe motere shimoni kamwe: pompu ya motere ibaki juu, au utumie ya umeme. Mwenzako akianguka ndani ya shimo lenye moshi, usimfuate bila hewa na bila kamba, kwa maana wa pili na wa tatu hufa kwa huruma yao. Jenereta iwekwe nje, mbali na dirisha.

7. DAFTARI LA MOTERE

Kila mgonjwa ana fishi yake. Motere nayo iwe na daftari. Andika tarehe, saa ilizofanya kazi, joto la silinda, nguvu ya oili, oili iliyoongezwa, rangi ya buji na kipimo cha kila silinda. Hesabu moja peke yake haisemi mengi. Hesabu kumi zilizofuatana zinaongea. Silinda iliyokuwa 76, halafu 72, halafu 66, inakuambia inakokwenda, hata kama 66 peke yake ingekubaliwa.

Tena, kazi iliyofanywa na mmoja iangaliwe na mwingine. Macho yaliyofunga ekru hayaoni kwamba ekru haikufungwa. Fundi akaze kwa ufunguo wa kupimia nguvu, kisha avute mstari wa rangi kutoka ekru mpaka kwenye chuma. Mstari ukivunjika, ekru imetembea.

8. KANUNI KUMI ZA KUBANDIKA UKUTANI

1. Chuja esansi, na toa maji chini ya tanki kabla ya kila safari. Esansi ya kwenye pipa iangaliwe mara mbili.
2. Hesabu kila helisi kuwa hai. Waya mmoja wa kontakti ukikatika, motere inaweza kuwaka kwa kuguswa.
3. Kata filtri, tumia sumaku, andika ulichoona.
4. Badilisha mpira kwa miaka yake, usingoje uvuje.
5. Usitie chombo cha gari mahali pa chombo cha ndege kwa sababu tu kinaingia.
6. Ufa hauzibwi. Chombo kinatolewa.
7. Jaribu motere chini, kwa nguvu yote, kwa muda wa kutosha, kabla ya kuiamini juu. Na usiruke bila ruhusa ya wakubwa wa usafiri wa anga.
8. Karburateri inaweza kuganda barafu ndani hata siku ya joto, hewa ikiwa na unyevu kama wakati wetu wa mvua. Nguvu ikishuka polepole bila sababu, fungua joto la karburateri.
9. Kichwa kikiuma karibu na motere, kwanza hewa safi, maswali baadaye.
10. Kasoro iliyosemwa mara mbili isimamishe kazi.

Ndugu msomaji, dalili ya mvua ni mawingu. Kesho ukifika kazini, simama karibu na motere yako dakika moja kabla ya kuiwasha, na dakika moja baada ya kuiwasha. Itazame, isikilize, andika. Dakika mbili si nyingi kwa mtu ambaye nyumbani kuna bibi na watoto wanaomngoja jioni.